Taa za Chumba Namba Tisa

Asubuhi ambayo mwalimu Eevertti Pöntinen alimpasua Raili Tolvanen kiwambo cha sikio, darasa zima lilikuwa linanakili hesabu kutoka ubaoni. Ilikuwa Januari ya mwaka 1961 katika shule ya kijiji cha Tervasuo: chumba kimoja, jiko moja la kuni, na taa moja iliyoning'inia juu ya meza ya mwalimu. Majira hayo jua halitoki mpaka saa nne na saa nane limeshazama, kwa hiyo taa ile ndiyo iliyokuwa mchana wa shule. Wafupi walikaa mbele, karibu nayo. Warefu walikaa nyuma ukutani, na Raili, mwenye miaka kumi na miwili, alikuwa mrefu kuliko mvulana yeyote wa kijiji.

Kutoka kule nyuma ubao ulikuwa dimbwi jeusi lenye ukungu wa chaki. Tatu ilifanana na nane, saba ikafanana na moja. Raili alikuwa amejifunza kusoma kwa masikio. Chaki ikikwaruza mara moja kwa kirefu, hiyo ni moja. Ikizunguka na kurudi, hiyo ni nane. Mara nyingi alipatia. Alipokosea, Pöntinen alimjia taratibu, akiburuta mguu wake ulioumia vitani, akamtandika vifundo vya vidole kwa fimbo ileile ya kuonyeshea ubaoni. Siku hiyo Raili alikosea mara tano katika mstari mmoja, na Pöntinen hakuhangaika na vidole. Alipiga kichwa. Fimbo ilivunjikia sikioni, na Raili akasikia kitu ndani kikipasuka kama barafu nyembamba iliyokanyagwa.

Alichofanya baada ya hapo hakukipanga. Kando ya dawati lake palikuwa na kapu la kuni. Aliokota ukuni mmoja, akasimama, akampiga mwalimu mdomoni kwa mikono miwili. Pöntinen alikaa chini katikati ya madawati, akatemea meno mawili kiganjani, akabaki kuyatazama kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu. Hakuna mtoto aliyethubutu kucheka.

Jioni baba yake Raili alimchapa kwa hatamu ya farasi katika chumba cha kuvulia nguo cha sauna, mpaka mama akaja kugonga mlango. Kisha baba akaketi kwenye benchi akihema, akasema kwamba Pöntinen alistahili, tena alistahili tangu zamani, lakini mtoto anayempiga mwalimu leo kesho atampiga baba yake. Raili alilala kifudifudi wiki nzima. Usaha ulitoka sikioni mpaka theluji ilipoanza kuyeyuka, na sikio hilo la kulia halikusikia tena. Alihamishiwa shule nyingine, akamaliza miaka iliyotakiwa na sheria bila kunyoosha kidole hata mara moja, akatoka na cheti kilichosema uwezo wake wa kusoma ni hafifu.

Aliamini hivyo. Angeaminije vinginevyo? Alipofika miaka kumi na sita aliajiriwa kufagia katika kiwanda cha karatasi cha mji wa Mustakoski, na huko ndiko alikokutana na Onni Rusanen, fundi umeme mzee asiye na kidole gumba cha mkono wa kushoto, mwenye matusi mengi na moyo mwepesi. Siku moja Onni alikuwa juu ya ngazi akamwita Raili amsomee mchoro uliotandazwa kwenye meza ya karakana. Raili alimwambia hajui kusoma vizuri. Onni akamwambia hakuulizwa habari za maisha yake, asome.

Meza ile ilikuwa na taa mbili juu yake na moja ya pembeni, kwa kuwa mafundi walifanya kazi za vipande vidogo. Raili aliinama. Namba zote zilikuwa palepale zilipo, kila moja na sura yake. Alisoma mstari wa kwanza, akasoma wa pili, akaendelea mpaka chini ya ukurasa, na Onni akasahau waya aliokuwa ameushika.

"Nani alikwambia hujui kusoma?"

"Watu wote."

"Basi watu wote ni mafala. Niletee koleo."

Kuanzia siku hiyo akawa msaidizi wake, na baadaye fundi kamili, mwanamke pekee kati ya mafundi ishirini na wawili. Hakuheshimiwa bure. Jamaa mmoja wa zamu ya usiku alimshika makalio alipokuwa ngazini; jamaa huyo alishuka ngazi hiyo kwa mgongo, na hakuna aliyejaribu tena. Aliolewa na Martti, mkata magogo, wakapigana miaka minne, kila mmoja akiwa na makovu ya kuonyesha, mpaka Martti alipopakia nguo zake akaenda Uswidi. Raili hakulia. Alisema tu kwamba nyumba imekuwa kimya mno, na huo ulikuwa ukweli, maana kwake ukimya siku zote ulikuwa wa sikio moja tu, na sasa ulikuwa wa yote mawili.

Mwaka 1992 kiwanda kilifungwa. Nchi nzima ilikuwa imeyumba, na huko kaskazini mashariki, katika misitu ya Kainuu, mtu aliyepoteza kazi alikuwa kama mtu aliyepoteza jino: jirani yake naye hakuwa nalo. Raili alibahatika. Shule ya sekondari ya Mustakoski ilikuwa inatafuta mtunza jengo, naye akapata. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, kilo tisini na tano, na funguo nyingi kiunoni. Wanafunzi walimwita Dubu. Aliwasikia, kwa sikio lililobaki, akaliacha jina likae.

Vuli ya mwaka uliofuata halmashauri ya mji ilitoa agizo la kubana matumizi. Katika kila taa ya darasani, kati ya mirija miwili, utolewe mmoja. Mwalimu mkuu, Ilmari Kettunen, mtu mrefu wa sauti ya upole aliyepiga pasi hata kamba za viatu, alimwita Raili ofisini na kumpa karatasi.

Raili alimweleza kwamba mirija ile imefungwa miwili miwili kwa sababu. Umeme unapozunguka, kila mrija unawaka na kufifia mara mia kwa sekunde, ila mmoja ukififia mwenzake unawaka, na jicho halijui. Ukitoa mmoja, uliobaki unacheza peke yake. Tena choki na stata, vifaa vinavyoiwasha mirija hiyo, ni vya zamani. Chumba hakitakuwa na nusu ya mwanga tu, kitakuwa na mwanga unaotetemeka.

"Watoto hawali mwanga, Raili," alisema Kettunen.

"Hawauli, mwalimu mkuu. Lakini mfugaji wa kuku pale Lehtola anajua kuku wake wakipunguziwa taa wanaanza kudonoana."

Kettunen alicheka, akamwambia agizo ni agizo. Na hapa Raili alifanya kitu ambacho hakujisamehe baadaye: alitii. Alipanda ngazi siku tatu mfululizo, akatoa mirija yote iliyotakiwa, akaipanga kwenye handaki la kujikinga na mabomu chini ya shule, ikiwa imefungwa kwa magazeti.

Septemba haikuonyesha kitu, kwa kuwa jua bado lilisaidia. Oktoba ilipokwisha, mambo yakaanza. Raili ndiye aliyeitwa kila kulipotokea damu ya kufuta au mlango wa kurekebisha, kwa hiyo ndiye aliyeona kwanza kwamba damu inapenda chumba kimoja. Chumba namba tisa kilikuwa na madirisha yaliyotazama ukuta wa chumba cha boila. Humo msichana alimchoma mwenzake paja kwa bikari. Humo wavulana wawili walipigana mpaka dawati likavunjika, na mmoja akavunjika mkono. Humo mtu aligonga kichwa chake mwenyewe kwenye kabati, kwa makusudi, mara kadhaa, na alipoulizwa akasema kinamuuma na alitaka kiumie kwa sababu inayoeleweka.

Aliyefundisha zaidi katika chumba hicho alikuwa Sirkku Moilanen, mwalimu wa lugha, miaka ishirini na sita, ambaye alikuwa amekuja na furaha na sasa alikuwa na weusi chini ya macho. Alimfuata Raili kwenye chumba cha boila, akakubali kahawa, akasema kwa sauti ya chini kwamba labda hakuumbwa kwa ualimu. Watoto wa darasa la tisa, waliokuwa wakiandika vizuri mwaka jana, sasa wanaruka mistari. Hawakumbuki alichosema dakika tano zilizopita. Yeye mwenyewe kichwa kinamgonga kuanzia saa mbili asubuhi, na akitoka uani kinaacha.

"Wewe umeumbwa vizuri," Raili alimwambia. "Chumba ndicho kibovu. Kaa mahali pa mtoto wa nyuma kabisa, kesho asubuhi, usome mwandiko wako mwenyewe."

Sirkku alifanya zaidi ya hapo. Aliwapa watoto imla katika chumba namba tisa, na siku mbili baadaye, saa ileile, akawapa nyingine ya ugumu uleule katika chumba cha useremala, ambacho Raili hakuwa amegusa taa zake kwa sababu ya misumeno. Makosa yalipungua karibu nusu. Watoto waliandika ukurasa mzima bila hata mtu mmoja kuguna. Sirkku alipeleka karatasi hizo kwa mwalimu mkuu, naye akazipokea kwa adabu, akasema zitajadiliwa Februari.

Februari ilikuwa mbali. Tarehe nane Desemba, kipindi cha kwanza, nje kukiwa bado usiku, Sirkku alimwita mvulana aitwaye Jani Haverinen asome sentensi ubaoni. Jani alikuwa na miaka kumi na mitano, mabega ya mtu mzima, na kiti cha nyuma kabisa. Baba yake alikuwa mmoja wa waliopoteza kazi kiwandani. Jani alikodoa macho, akasoma neno la kwanza, akakosea la pili, akakosea la tatu, akanyamaza. Mrija juu yake ulikuwa unapepesa tangu Jumatatu. Petri Heikura, aliyeketi mbele yake, aligeuka nyuma na kuwaambia wenzake kwa sauti ya kusikika:

"Mleteeni fimbo ya kipofu. Na mbwa wa kumvusha barabara."

Darasa likacheka, kicheko cha watu waliochoka, kisichojua pa kuishia. Jani alisukuma dawati lake mbele. Alisimama, akainua kiti chake cha vyuma akikishika kwenye egemeo, akakishusha juu ya uso wa Petri. Mguu mmoja wa kiti uliingia jicho la kushoto. Jani aliinua tena. Sirkku aliruka katikati, kiwiko kikampata kooni, akaanguka nyuma na kichwa chake kikagonga bomba la kupashia joto. Pigo la pili lilimpata Petri begani, kwa kuwa alikuwa ameshateleza chini ya dawati, na sauti aliyoitoa huko chini haikufanana na sauti ya mtu.

Raili alikuwa kwenye ukumbi akibadilisha kitasa. Aliingia akiwa na bisibisi mkononi, akaitupa, akamkumbatia Jani kwa nyuma. Jani alimng'ata kifundo cha mkono mpaka mfupani. Alirudisha kichwa nyuma na kumpasua Raili mdomo. Walianguka pamoja juu ya madawati, wakabingirika kwenye damu ya Petri, wakateleza, na mwishowe uzito wa Raili ukashinda. Alimkalia tumboni, akamshika mikono yote miwili kwa mkono wake mmoja, akaibana sakafuni. Mvulana alikuwa ameisha. Alikuwa anahema tu, kifua kinapanda na kushuka, macho yamemtoka.

Kisha akamtemea Raili mate usoni. "Dubu kiziwi wewe," alisema.

Na Raili akampiga ngumi. Si ya kumtuliza, maana alikuwa ametulia tayari. Alimpiga kwa mkono wake wote wa kulia, kwa miaka yake yote, na pua ya mvulana ikavunjika chini ya vifundo vyake. Watoto ishirini walikuwa wamejipanga ukutani wakitazama, na juu ya vichwa vyao mrija ule uliendelea kucheza.

Gari la wagonjwa lilimchukua Petri na Sirkku. Polisi walimchukua Jani, akiwa na taulo puani. Afisa mmoja aliandika maelezo ya Raili, na alipofika kwenye pua akaandika mwenyewe, bila kuuliza, kwamba nguvu iliyotumika ilikuwa ya lazima. Kettunen alimpigapiga Raili begani, akamwambia asingekuwa yeye pangetokea msiba mkubwa zaidi, amefanya kazi nzuri. Raili alishuka kwenye chumba cha boila, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa akiuangalia mkono wake.

Saa tisa alasiri, giza likiwa limesharudi, mlango wa chumba cha boila ulipigwa teke. Aliyeingia alikuwa Erkki Haverinen, baba yake Jani. Walijuana tangu kiwandani. Erkki alikuwa mwendesha mashine namba mbili, na Raili alimtengenezea paneli yake ya umeme mara nyingi. Hakuja kuongea. Alikuwa amekunywa, ingawa si sana, na alimpiga Raili ngumi ya kwanza kabla hajasimama. Raili alirudi nyuma mpaka kwenye mabomba ya moto. Erkki alimpiga teke la ubavu, na wote wawili walisikia ubavu ukitoa mlio. Raili alipapasa nyuma yake, akapata spana ya bomba, akaishusha kwenye mtulinga wa Erkki. Mfupa ulivunjika palepale. Erkki alipiga magoti, na Raili akaketi chini ukutani.

Walikaa hivyo, hatua mbili kati yao, kila mmoja akihema na kushika alipoumia. Boila ilivuma.

"Umempiga akiwa chini," alisema Erkki. "Watoto wamesema. Alikuwa chini."

"Ndiyo. Alikuwa chini."

Erkki alikuwa amejiandaa kwa uongo, na ukweli ulimkosesha la kufanya. Alianza kulia, kilio kibaya cha mtu asiyekizoea. Alisema mtoto wake ameandikwa shuleni kuwa ni mzito wa akili, wametuma barua, wanataka kumpeleka darasa la wasioweza. Lakini nyumbani anasoma. Kila jioni anakaa jikoni chini ya taa, anamsomea mama yake gazeti zima, mpaka matangazo ya vifo, kwa sababu mama macho yake yameharibika kwa sukari. Anasoma bila kukwama. Je, mtoto anaweza kuwa na akili jikoni na kuwa mpumbavu shuleni?

Raili alimuuliza anakaa wapi darasani. Erkki akasema nyuma, siku zote nyuma, si unaona kimo chake.

Raili aliiweka spana sakafuni. Kisha akamwambia kwamba ni yeye aliyetoa taa zile, kwa mikono yake, na alijua anachofanya.

Hakwenda hospitali usiku huo, ila alipiga simu huko kuuliza habari za Petri. Alijifunga ubavu kwa shuka, akalala akiwa ameketi kitini, na saa moja na nusu asubuhi alikuwa katika chumba namba tisa. Sakafu ilikuwa imeshasafishwa. Alichukua chaki akaandika ubaoni sentensi moja, kwa ukubwa uleule wa mwandiko wa Sirkku. Kisha akaenda ofisini kwa Kettunen.

Mwalimu mkuu alikuwa anavua koti lake. Raili alimwomba aje aone kitu. Kettunen alisema ana kikao na halmashauri kuhusu tukio la jana. Raili alimwomba mara ya pili. Kettunen alipogeuka kuchukua simu, Raili alimshika ukosi wa shati na tai kwa pamoja, akamtoa ofisini. Alimburuta ukumbi mzima, mbele ya walimu wawili na wanafunzi waliokuwa wanaweka makoti yao, na alipojaribu kushika mwimo wa mlango, Raili alimpiga mkono akaachia. Alimkalisha kwenye kiti cha nyuma kabisa, mahali pa Jani. Akakaa pembeni yake, kiganja kizito juu ya shingo yake, ubavu wake mwenyewe ukimchoma kila alipovuta pumzi.

"Soma," alimwambia.

Kettunen alijaribu kuinuka. Alisema hii ni shari, ataita polisi.

"Waite ukimaliza. Soma kwanza."

Alikodoa macho. Mrija uliokuwa juu yao ulififia, ukawaka, ukafifia. Alisoma neno la kwanza. La pili akabahatisha, akakosea, akarudia. La tatu lilimshinda kabisa. Raili alimkaza shingo, akamwambia asome, jitu zima lenye digrii lisome. Kettunen aliinamisha uso mezani. Alisema hawezi, kichwa kinamuuma, haoni.

"Basi angekuwa Pöntinen ungekuwa umeshachapwa," Raili alisema, na Kettunen hakujua ni nani anayetajwa. Raili alimwachia, akaenda ubaoni, akamsomea mwenyewe kwa sauti. Ubaoni palikuwa pameandikwa: Petri Heikura atatolewa jicho la kushoto siku ya Ijumaa.

Polisi walikuja kweli, na safari hii walimchukua yeye.

Mahakama ya wilaya ilisikiliza kesi zote mbili, ya Jani na ya Raili, mwezi wa Aprili. Kuhusu mwalimu mkuu, Raili alikiri. Kuhusu mvulana hapakuwa na mashtaka, kwa kuwa polisi walikuwa wameshaandika nguvu ya lazima, lakini alipoitwa kueleza tukio Raili alimwambia hakimu kwamba mvulana alikuwa amebanwa sakafuni na hana ujanja wakati anampiga. Wakili wake alifunga macho. Hakimu aliuliza kwa nini anasema jambo ambalo hakuulizwa. Raili akasema linamkera. Shtaka hilo nalo likaongezwa, akapewa faini kwa yote mawili, akafukuzwa kazi, akaandikwa katika orodha ya watu wasioruhusiwa kufanya kazi za shule. Jani alipelekwa miezi minane katika makao ya vijana, na huko, kama baba yake alivyomweleza Raili baadaye, alikuwa anawaandikia wenzake barua za kwao.

Taa zilikuwa zimesharudi. Wiki ya kwanza ya Januari fundi wa kukodi aliingia handakini akatoa mirija yote, akaifunga pamoja na stata mpya, kwa agizo lililotiwa saini na Kettunen, ambaye hakueleza kwa nini hakungoja Februari. Sirkku, akiwa bado na nyuzi kisogoni, alirudia imla katika chumba namba tisa na kupata matokeo kama yale ya chumba cha useremala. Ugomvi haukuisha, watoto ni watoto, na mji ulikuwa bado na njaa ya kazi. Ila damu iliacha kupenda chumba kimoja.

Nje ya ukumbi wa mahakama, siku ile ya Aprili, mama yake Petri alikuwa anamngoja Raili. Jina lake lilikuwa Helvi, muuzaji wa duka la mikate. Alikuwa amekaa ndani siku nzima akimsikiliza Sirkku akieleza habari za mirija, makosa ya imla na vichwa vinavyouma. Alimsogelea Raili, akamzaba kofi upande wa sikio bovu, kofi zito la mtu aliyekanda unga maisha yake yote.

"Watoto ishirini walikaa kwenye giza hilohilo," alisema. "Aliyeinua kiti ni mmoja. Usiniambie mwanangu amepofushwa na taa."

Mkono wa Raili haukuinuka. Aliwaza jibu siku nyingi baadaye, akiendesha gari peke yake katikati ya misitu. Kila upande aliouanzia, Helvi alikuwa na haki.

Alinunua gari la mizigo lililochakaa, akawa fundi wa kuzunguka. Alifunga taa katika mazizi ya ng'ombe, karakana na nyumba za kuku, na wakulima walimsifu kwa kuwa hakuondoka mpaka amekaa mwenyewe katika kila kona kuona kama panaonekana. Ubavu ulipona vibaya, ukawa unamtabiria baridi.

Mwaka 2003 alipigiwa simu na kijana aliyekuwa anafungua gereji ya magari kando ya barabara ya Kuhmo. Raili alilitambua jina la ukoo, na nusura akatae. Alikwenda. Petri Heikura alikuwa na miaka ishirini na mitano, ndevu, na jicho la kioo lililotengenezwa vizuri. Alimkaribisha kahawa na mkate wa iliki, wakanywa wakiwa wamesimama. Hakuna aliyetaja shule. Kisha Petri alimwonyesha mahali magari yatakapoinuliwa.

"Upande wa kushoto weka nyingi, mama. Sina jicho upande huo, mtu akinijia nashtuka."

Raili alipima ukuta. Alifunga taa nne upande huo, mirija miwili miwili, na ilipofika saa sita mchana akamwomba Petri alale chini ya gari amsomee namba ya injini. Petri aliisoma yote, tarakimu baada ya tarakimu, na Raili akaifuatisha kwa kidole kwenye karatasi ya usajili wa gari mpaka mwisho, kisha akaanza kukusanya vifaa vyake.